Kialo Edu kwa mdahalo wa saikolojia: itumie kuandaa, ifunge siku ya mdahalo

Wanafunzi wa saikolojia kuongea wanaweza. Tatizo ni kwamba wengi huingia kwenye mdahalo na maoni ya kijiweni, wanazungusha hoja moja kwa maneno tofauti, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeondoka na makofi. Kialo Edu, tovuti ya kupangia hoja iliyotengenezwa kwa ajili ya madarasa, inaliondoa tatizo la maandalizi vizuri kuliko karatasi na kalamu. La kusimama na kujibu papo kwa papo hailigusi, na mhadhiri asiitegemee kwa hilo.

Ni ya bure, na inafunguka kwenye kivinjari. Mada inakaa juu kabisa. Chini yake hoja za kutetea zina rangi ya kijani, za kupinga nyekundu, na kila hoja inaweza kutetewa na kupingwa kivyake, ngazi baada ya ngazi. Unaweza kuandika kwa Kiswahili bila shida. Hoja moja haizidi herufi 500, yaani kama maneno 70 hivi ya Kiswahili. Wanafunzi hulalamikia sana kikomo hiki, lakini ndicho kinachowafundisha zaidi.

Chukua mada inayopendwa vyuoni: “Mitandao ya kijamii ndiyo chanzo kikuu cha kuzorota kwa afya ya akili ya vijana.” Hoja ya kwanza huwa hivi: “Mitandao huharibu usingizi na kuleta msongo, ndiyo maana wasichana wengi wana sonona, tafiti zinaonyesha.” Hapo mna madai matatu yaliyofungwa pamoja. Yafungue: simu ya usiku hupunguza usingizi, usingizi mdogo huongeza dalili za sonona, wasichana huathirika zaidi. Kila dai likikaa peke yake, la kupinga linajitokeza lenyewe. Chini ya dai la kwanza, kwa mfano, mtu atauliza: je, si mwenye sonona ndiye anayekosa usingizi kwanza, kisha anaishika simu? Tovuti ina alama za kurudisha hoja isiyo wazi, isiyo na ushahidi au yenye madai zaidi ya moja. Mpe mwanafunzi mmoja katika kila kundi kazi ya kuziweka, la sivyo zitakuangukia wewe zote.

Chini ya hoja unaweza kuambatisha chanzo pamoja na nukuu yake. Udhaifu mkubwa uko hapa, kwa sababu tovuti haijui kama chanzo ni kizuri. Katika mada hii kundi la kupinga litakimbilia uchambuzi wa watafiti Orben na Przybylski wa 2019, uliotumia takwimu za vijana zaidi ya 350,000 na kuona kuwa matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti za ustawi wao. Wataiandika kama “hakuna madhara”, na hapo watakuwa wamekosea. Namba hiyo ni ya wastani, na wastani unaweza kuficha wachache wanaoumia sana. Muda wa matumizi ulitajwa na wahojiwa wenyewe, na watu hukadiria vibaya muda wanaokaa kwenye simu. Tena takwimu zenyewe ni za Marekani na Uingereza. Kundi la kutetea likiuliza habari ya kijana wa Mwanza au Kisumu, swali ni halali. Kwa hiyo weka sharti: kila chanzo kitaje sampuli ni ya nani, kilipimwa nini na kwa njia gani. Halafu fungua chanzo kimoja cha kila kundi ukisome mwenyewe. Marejeo yaliyobuniwa na akili mnemba hukamatwa hapo.

Kwa darasa la watu 60, tumia mpangilio wa makundi madogo: makundi 10 ya watu sita, kila moja na nakala yake ya mada. Siku ya kwanza kila mwanafunzi aandike hoja mbili, moja kila upande, kabla hajajua atatetea nini. Ukigawa pande mapema, hakuna atakayejishughulisha na hoja za mwenzake. Siku ya pili ni ya vyanzo, ya tatu ni ya kupinga hoja za wengine. Kura za uzito wa hoja zifunguliwe mwishoni tu, na majina yafichwe. Wakiona majina, watu humpigia rafiki au kiongozi wa darasa.

Kwenye simu ndogo kuna kero. Mti mzima wa hoja, yaani mada na matawi yake yote, hauonekani; mwanafunzi anaona tawi moja, anaandika kilichokwisha kuandikwa kwenye tawi jingine. Mti ukipita ngazi ya nne, ubishi huwa umeshageuka wa maneno tu. Na bila intaneti hakuna kazi, kwa hiyo wasio na bando waandike hoja zao daftarini na mwenzao mmoja aziingize.

Siku moja kabla ya mdahalo, kila kundi litoe kwenye mti hoja nne tu, na pingamizi kali zaidi dhidi ya kila moja, kwenye karatasi moja. Kompyuta na simu zifungwe. Dakika nne za kufungua kwa kila upande, tatu za kujibu, kisha maswali ya ana kwa ana. Anayesoma karatasi neno kwa neno apunguziwe alama. Kwa kazi ya siku zile tatu tunaipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotea kwenye skrini ya simu.