Side by Side: nimesikiliza matoleo matatu, la Kay Starr ndo lenyewe

Jamani nyimbo hii Side by Side nimekaa nayo wiki nzima kwenye simu, na leo lazma niandike. Kwa asojua, ni nyimbo ya Kimarekani ya 1927, katunga Harry Woods, bwana kazaliwa mkono wa kushoto hauna vidole na bado akipiga piano kwa mkono wa kulia. Maneno yake mepesi tu, watu wawili hawana pesa, nguo zishachakaa, la kesho hawalijui, lakini wanakwenda njia moja huku wanaimba.

Toleo la bendi ya Paul Whiteman ni la mwaka huohuo, wanaimba vijana watatu, Bing Crosby mmoja wao, hajapata jina bado. Linachezeka kweli. Nikamwekea bibi yangu, ambaye sikio lake limelelewa na santuri za Siti binti Saad, alokwenda kurikodi Bombay 1928, kwa hivyo ile mikwaruzo ya zamani wala haikumshughulisha, ila akasema, "Hawa washakula hawa." Na kweli, umasikini husikii hata kidogo. Nick Lucas nae 1927 na gitaa lake, laini, tamu, nampa 7.

Sasa Kay Starr, 1953. Huyu mama kwao walikuwa wakifuga kuku, na udogoni akiwaimbia kuku bandani, nami naamini kule ndiko alikojifunza kuimba bila ya kujikweza. Humu kajirikodi mara mbili, sauti juu ya sauti, yaani anaimba pamoja na nafsi yake na zile sauti zinashikana barabara, moja ikiteremka nyengine inaibeba.

Juzi usiku umeme umekatika hapa Kikwajuni, tumekaa barazani, bibi anamenya muhogo kwa tochi, nikaliweka. Kizungu hajui hata neno. Kisu kikasimama. Babu alikuwa mchukuzi bandarini, bibi akikaanga mandazi alfajiri, wakizichanga senti mezani wanacheka, mama ndo alotuhadithia. Nyimbo ilipokwisha akanambia, "Ndugu hawa. Mmoja akichoka mwenziwe anampokea."

Nikamwambia, bibi, huyo ni mtu mmoja.

Akanyamaza kidogo. "Irejee, mwanangu."

Tumeirejea mara nne, mpaka simu ikabaki asilimia 6. Kumi kwa kumi.