Kutafuta hitilafu ya taa nyumbani: kipimo gani ununue kwanza

Taa ya chumba kimoja imegoma. Umebadilisha balbu, bado giza. Sakiti breka haijakata, na vyumba vingine vinawaka kama kawaida. Hapo ndipo watu hukimbilia dukani kununua kipimo, na wengi hurudi na kile kisichoweza kuwajibu.

Hitilafu ya namna hii mara nyingi si shoti. Shoti hujitangaza yenyewe: breka inakata palepale. Taa inayogoma kimyakimya huwa imepoteza njia ya umeme mahali fulani, iwe ni skrubu iliyolegea ndani ya swichi, ulimi wa holda uliobonyea, au kiungo cha waya kilichoachia darini. Kipimo unachokitaka ni kile kinachosema kweli pale kinaposema umeme upo, na zaidi pale kinaposema haupo, kwa sababu neno hilo la pili ndilo litakalokufanya uguse waya kwa mkono. Nimevipanga vifaa hivi kwa kigezo hicho.

1. Testa ya ncha mbili

Ni vishikio viwili vilivyounganishwa kwa waya mmoja, na kimojawapo kina safu ya taa ndogo au kioo kinachoonyesha volti. Hakuna kitufe cha kuzungusha, kwa hiyo huwezi kuiweka mahali pasipo sahihi kisha ukadanganyika. Nyingi huonya kuhusu volti za hatari hata betri ikiwa imekufa. Tafuta iliyoandikwa IEC 61243-3, kiwango cha kimataifa cha testa za aina hii.

Inachoizidi nayo multimita (kipimo cha kuzungusha cha volti, mkondo na ukinzani) ni kwamba huvuta mkondo kidogo kutoka kwenye waya inaoupima. Nilijifunza thamani ya jambo hilo kwa taabu. Taa ya chumba changu cha nyuma ilikuwa haiwaki, na multimita kwenye holda ikaonyesha volti 87. Nikaamini umeme unafika ila ni hafifu. Nikabadilisha swichi, nikabadilisha holda, siku nzima ikaisha. Jioni fundi mmoja alinipa testa yake ya ncha mbili: sifuri. Waya ule ulikuwa umekatika kabisa, na zile volti 87 zilitoka kwenye waya jirani wenye umeme uliolala nao ndani ya bomba moja. Tulipofungua kisanduku cha viungo tukakuta skrubu imebana plastiki ya waya badala ya shaba.

Jambo jingine ni nyutro iliyokatika, yaani waya wa kurudishia umeme. Swichi ikiwashwa, umeme hupita kwenye balbu na kuishia kwenye nyutro isiyokuwa na pa kurudi. Ukipima waya wa moto kwa ethi unapata volti kamili, ukipima nyutro kwa ethi unapata volti karibu zile zile, na kati ya waya wa moto na nyutro hupati kitu. Kipimo cha ncha moja, kama testa ya bisibisi, kitawaka kwenye waya zote mbili na kukuacha umechanganyikiwa. Ncha mbili hukuonyesha mara moja kwamba umeme unakuja ila hauna njia ya kurudi. Na nyutro hiyo inaua kama waya wa moto, kwa hiyo usiiguse kwa kuwa tu inaitwa nyutro.

2. Multimita, hasa yenye LoZ

Multimita ya kawaida ina ukinzani wa ndani wa takriban megaomu 10, na ndiyo maana iliniletea zile volti za uongo. Zipo zenye sehemu iliyoandikwa LoZ, ambayo hupunguza ukinzani huo hadi kilo-omu chache, na volti za kuazima zikatoweka. Ukiipata yenye LoZ, tofauti yake na namba moja inabaki ndogo.

Mimi ningeinunua ya pili kwa ajili ya mlio wake: sehemu inayolia njia ya waya ikiwa haijakatika. Zima breka, hakikisha umeme umekatika, toa balbu, kisha pima njia kipande kwa kipande: swichi ikiwashwa ilie, ikizimwa inyamaze. Kwa swichi za njia mbili za kwenye ngazi hakuna kifaa kinachokupa jibu haraka kuliko hicho. Ila usipime kwa mlio wakati umeme upo.

Angalia maandishi karibu na matundu ya kuchomekea waya. Kwa waya za ndani ya ukuta nataka nione CAT III (daraja la usalama la kipimo) na volti 300 au zaidi.

3. Kipima insulesheni

Hiki ni cha kazi nyingine: taa zinazokatisha breka ya kuvuja umeme, aghalabu baada ya mvua. Husukuma volti 500 za mkondo mnyoofu (DC) kwenye waya na kupima kinachovuja. Kwa sakiti ya volti 230, chini ya megaomu 1 haikubaliki, na sakiti isiyo na hitilafu huwa juu ya hapo kwa mbali sana. Lazima kwanza utoe balbu za LED na swichi za kupunguza mwanga, la sivyo vitaungua au vitakupa jibu la uongo. Ni kifaa cha gharama, na ni afadhali kumwita fundi aliye nacho.

4. Kalamu ya kuhisi umeme

Inasogezwa karibu na waya bila kuugusa, nayo inalia. Ni nzuri kwa kuuliza haraka breka ipi inalisha taa ipi. Ila hainusi kupitia waya wenye kinga ya chuma, na ukimya wake haukuhakikishii kitu. Isiwe ruhusa yako ya kugusa.

5. Testa ya bisibisi

Iko kila mahali, na naiweka mwisho kwa makusudi. Ile taa yake ndogo ya neoni huwaka kwa mkondo unaopita mwilini mwako, na kizuizi kimoja tu ndani ya mpini ndicho kinachoufanya uwe mdogo. Kizuizi hicho kikilowa au kikiharibika, wewe ndiwe sakiti. Ukisimama juu ya ngazi ya mbao, au mwanga wa mchana ukiwa mkali, inaweza isionekane kuwaka na umeme upo.

Chochote utakachochagua, kijaribu kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme, kisha pima waya wako uliozimwa, kisha rudi kwenye soketi ile ile. Kikishindwa mara ya pili, jibu la katikati halihesabiki. Na kwa multimita, kabla hujalipa, omba kifuniko cha nyuma kifunguliwe: fyuzi ikiwa ya kioo chembamba badala ya kauri, rudisha uchukue nyingine.