Paneli za Sola Nyanda za Juu Kusini: Pima Kioo Kabla ya Kuuliza Bei

Wasomaji wa Mafinga, Uyole na Makambako wamekuwa wakinitumia lalamiko lile lile. Wanasikia kwamba bei za paneli za sola zimeporomoka duniani, wananunua paneli iliyoandikwa wati nyingi kwa bei inayoonekana nafuu, na ifikapo saa mbili usiku betri imekwisha. Fundi huitwa, hulaumu betri, na betri mpya hununuliwa bila faida, kumbe paneli ndiyo haina wati zilizoandikwa.

Kwamba bei zimeporomoka ni kweli. Mwaka 2010 wati moja ya paneli iliuzwa kwa takriban dola mbili za Marekani. Mwaka 2024 paneli za China zilikuwa zikitoka kiwandani kwa senti kumi na kidogo za dola kwa wati. Katikati, mwaka 2021 na 2022, bei ilipanda kwa sababu silikoni, malighafi ya paneli, iliadimika, kisha viwanda vya China, nchi ambayo inashika zaidi ya asilimia 80 ya utengenezaji wa paneli duniani, vikazalisha kupita mahitaji hadi makampuni makubwa yakaanza kuuza kwa hasara. Hasara ya namna hiyo haidumu, na tarehe 1 Desemba 2024 Serikali ya China ilipunguza marejesho ya kodi kwa wanaouza paneli nje ya nchi kutoka asilimia 13 hadi 9. Anayeahirisha ununuzi akitumaini kwamba bei itashuka tena kwa nusu anajinyima umeme bila sababu.

Ukitaka kujua kama unatozwa bei ya haki, gawanya bei ya dukani kwa idadi ya wati. Tukichukua dola moja kuwa shilingi 2,500 na wati moja kuwa senti 11, paneli ya wati 550 huondoka kiwandani kwa kama shilingi 151,000. Juu yake kuna meli, bandari, faida ya Kariakoo, lori la zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya na vioo vinavyovunjika njiani, na sina ugomvi na mfanyabiashara anayefidia gharama hizo. Paneli ndogo pia huwa ghali zaidi kwa wati, kwa kuwa fremu, kiboksi cha nyuma na kazi ya kuiunganisha havipungui sawasawa na ukubwa wa kioo.

Hesabu hiyo yote, hata hivyo, inategemea wati ambazo zipo kweli, na hapa ndipo wanunuzi wengi wasipotazama. Jua kali la mchana hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri ya leo hugeuza asilimia 21 hadi 23 ya nguvu hiyo kuwa umeme. Kwa hiyo mita moja ya mraba ya kioo haiwezi kukupa zaidi sana ya wati 220, lebo iandikwe nini. Msomaji mmoja wa Mafinga alinitumia vipimo vya paneli yake ya “wati 300”: urefu mita 1.2, upana mita 0.67. Eneo lake halifiki hata mita moja ya mraba, ni 0.8. Ili itoe wati 300 ingebidi igeuze asilimia 37 ya jua kuwa umeme, na hakuna paneli ya kuezekwa nyumbani inayokaribia hapo. Alinunua wati 170 ikiwa bahati ilikuwa upande wake, na bei aliyodhani ni nafuu kwa wati ilikuwa karibu mara mbili ya alivyohesabu.

Wakulima wetu wa viazi wamelalamikia lumbesa kwa miaka mingi, gunia linalojazwa kupita kipimo kwa faida ya mnunuzi. Kwenye sola ni lumbesa iliyogeuzwa, maana kinachojazwa kupita kiasi ni lebo. Nenda dukani na futi ya fundi, upime urefu na upana wa kioo. Kisha soma nyuma ya paneli, uzidishe volti za kazi (Vmp) kwa ampia za kazi (Imp): jibu linapaswa kuwa wati zilizoandikwa, na waongo wengi husahau kulinganisha namba hizo.

Sitazungumzia rangi ya fremu, wala ustahimilivu wa joto ambao wauzaji hupenda kuusifia. Paneli hupoteza takriban asilimia 0.3 ya nguvu kwa kila nyuzi moja ya joto la paneli yenyewe inayozidi 25, jambo ambalo mkazi wa Kyela anaweza kulijali lakini wa Makete, kwenye baridi, hana haja nalo sana. Kwa watu wa Tukuyu, ambako ukungu na mvua hupunguza umeme kwa siku nyingi mfululizo, wati za uongo ndizo zinazoumiza zaidi, kwa sababu hakuna ziada ya kuficha pengo.

Chaguo langu la kwanza ni Jinko, aina ya Tiger Neo, na sifichi upendeleo wangu. Waranti yake ya nguvu ni ya miaka 30: hupungua si zaidi ya asilimia 1 mwaka wa kwanza na 0.4 kila mwaka unaofuata, ili mwishoni ibaki na asilimia 87.4. Muhimu zaidi kwangu, vipimo vya kila modeli vimechapishwa hadi milimita, hivyo bidhaa bandia yenye jina hilo hukamatwa kwa futi ile ile.

Ya pili ni LONGi au JA Solar za wati 550, ambazo sioni tofauti ya kulipia kati yao. Kwa kawaida zina urefu wa mita 2.278, upana wa mita 1.134 na uzito wa kilo 28 hivi. Ikinyanyuliwa kwa mkono mmoja, siyo yenyewe. Volti zake ni nyingi kwa betri ya volti 12, kwa hiyo zinahitaji chaji kontrola (kifaa kinachosimamia uchajishaji wa betri) ya aina ya MPPT, inayoshusha volti hizo hadi kiwango cha betri. Canadian Solar naiweka ya tatu.

Paneli zisizo na jina zinafaa kwa taa mbili na kuchaji simu, mradi umezipima.

Linalobaki kunikera ni dola. Shilingi ilipodhoofika mwaka 2023 na 2024, bei za dukani zilipandishwa ndani ya wiki hiyo hiyo. Ilipoimarika Desemba 2024, niliambiwa kwamba mzigo uliopo ni wa zamani. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni, lakini muuzaji mmoja hapa Mbeya bado hukokotoa kwa dola kwenye kikokotoo chake, kisha husoma shilingi kwa sauti. Ukimwomba afungue boksi upime, husema kufungua ni kununua. Duka la namna hiyo mimi huliacha, na risiti ya mashine ya kodi (EFD) yenye modeli na wati huidai kwa atakayekubali kufungua.