Chaos ya James Gleick: nyota nne, ya tano naibania

Nimemaliza hiki kitabu cha nadharia ya chaos, yaani jinsi tofauti ndogo mwanzoni inavyoweza kubadilisha kila kitu mbele ya safari, kilitoka 1987 lakini bado kinasomeka poa tu, na kama huna muda soma hata ile sura ya Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa, peke yake. Jamaa mwaka 1961 alikuwa anaendesha modeli ya hali ya hewa kwenye kompyuta, akataka kurudia kipande, badala ya 0.506127 akaingiza 0.506 kama ilivyoprintiwa, akaenda zake kunywa kahawa, kurudi anakuta hali ya hewa imeshika njia nyingine kabisa, haifanani hata kidogo na ile ya kwanza. Tarakimu tatu tu za mwisho jamani!

Katikati kuna hesabu, nimeruka kurasa kadhaa na wala sioni aibu. Kinachoniudhi ni kwamba historia haijapewa nafasi ya maana wakati mifano ipo tele, chukua Sarajevo 1914, dereva wa Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungary, anakata kona siyo, gari linasimama karibu kabisa na Gavrilo Princip, anampiga risasi na kumuua, wiki chache baadaye Ulaya iko vitani (sawa, chuki ilikuwepo kitambo, lakini bado). Fasihi nayo vilevile, maana Hesiod, mshairi wa Ugiriki ya kale, tangu zamani anaanza na Chaos, ule utupu wa mwanzo, ndo miungu inafuata.

Ila tangu nikisome, nikikosa basi kwa dakika moja na ratiba yote ikavurugika, silaumu mtu. Anayependa visa vya watu atafurahi, anayetaka fomula atafute kingine.