Blue Bombers wa Winnipeg: tathmini ya mechi ya nyumbani, na ushauri kwa ligi yenye jirani mkubwa

Nawapa nyota nne na nusu kati ya tano. Ile nusu niliyoizuia nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu inahusu ligi nzima ya futiboli ya Kanada (ule mchezo wa helmeti, si soka) na wala si uwanja huu peke yake.

Ninachokitathmini ni mechi ya nyumbani ya Winnipeg Blue Bombers pale Princess Auto Stadium, kusini mwa mji, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Manitoba. Huwa tunakwenda kifamilia: mimi, mume wangu na mwanetu wa darasa la saba. Yeye ndiye aliyetuingiza kwenye mambo haya, alipoanza kucheza shuleni ile futiboli ya watoto ambayo haina kuangushana, wananyang'anyana tu vitambaa vilivyofungwa kiunoni. Naandika kwa Kiswahili makusudi. Winnipeg ina Wakongo, Warundi, Wasomali, Wakenya na sisi Watanzania, na kila kiangazi kinapofika naulizwa swali lilelile kanisani: "Dada, ule mchezo wa helmeti, mtu anakwenda kutazama nini?"

Anakwenda kutazama mbio. Timu yenye mpira hapa ina majaribio matatu tu ya kusogea yadi 10, Wamarekani wanayo manne. Jaribio hilo moja lililopungua linabadilisha kila kitu. Ukipoteza la kwanza, la pili ni lazima lizae matunda, kwa hiyo pasi ndefu zinarushwa mapema na hakuna muda wa kusukumana kwa uvivu katikati ya uwanja. Uwanja wenyewe ni mkubwa, yadi 110 kwa 65, na wachezaji ni 12 kila upande badala ya 11. Wapokeaji wa pasi wanaruhusiwa kuanza kukimbia kuelekea mstari wa kuanzia mchezo kabla mpira haujachezwa, hivyo unapotoka tu mikononi mwa mchezaji wa kati anayeuanzisha, tayari wamekwisha shika kasi na mlinzi anarudi nyuma akihangaika. Mwanangu huukodolea macho huo mstari. Hata chipsi hazigusi mpaka mpira utoke.

Kisha kuna mateke ya kuwapelekea wapinzani mpira. Kwa Wamarekani anayeudaka anaweza kupunga mkono, mchezo ukasimama, akabaki salama. Hapa ruhusa hiyo haipo. Wapinzani wanalazimika kumwachia nafasi ya yadi tano mpaka audake, baada ya hapo ni yeye na miguu yake. Ndiyo maana mtu wa kwetu aliyekulia kwenye soka anauelewa mchezo huu haraka kuliko ule wa upande wa pili: mpira uko hai karibu muda wote, na dakika tatu za mwisho za kila nusu zina kanuni zake za saa zinazompa nafasi hata aliyeachwa nyuma.

Uwanja wenyewe unafika kirahisi kwa basi linalokwenda chuoni. Paa limefunika sehemu kubwa ya viti, na mvua ya Julai ikinyesha unaweza kuendelea kutazama bila kuloa. Chakula ni kile cha viwanja vya huku, poutine (chipsi zenye jibini na mchuzi) na vile vidonge vya maandazi vinavyokaangwa mbele yako na kupakwa sukari na mdalasini. Mashabiki huunganisha vikombe vitupu mpaka vikawa nyoka mrefu anayepitishwa juu ya vichwa vya watu, na jukwaa zima linashangilia kila anapoongezeka. Nimekaa na mtoto katikati ya yote haya kwa amani kabisa. Wazee wa Kimanitoba waliokaa nyuma yetu walimweleza mwanangu kanuni za mchezo robo nzima bila kuchoka, na mmoja wao alikumbuka ubingwa wa 1990 na ile miaka 29 ya njaa iliyofuata mpaka kombe liliporudi 2019.

Kama unataka kuona moto, subiri Saskatchewan Roughriders, timu ya jimbo jirani, waje. Timu hizi mbili hukutana Regina wikiendi ya Siku ya Wafanyakazi mwanzoni mwa Septemba, kisha wiki inayofuata wanarudiana hapa kwetu katika mechi iitwayo Banjo Bowl. Watu wa Saskatchewan wanaendesha gari karibu kilomita 600 kuja kutuzomea, wamevaa kijani, na wengine wamevaa tikiti maji lililokombwa likawa kofia. Uwanja unajaa. Novemba 2025 Grey Cup, fainali ya ligi, ilichezwa hapahapa Winnipeg na waliolibeba kombe ndani ya nyumba yetu ni haohao, 25 kwa 17 dhidi ya Montreal Alouettes. Bado linaniuma.

Sasa ile nusu nyota.

Jumapili moja ya Septemba tuliingia kwenye mgahawa mmoja wa mjini tukiwa tumevaa jezi zetu za bluu. Timu yetu ilikuwa ikicheza ugenini saa hiyohiyo. Skrini zote za ukutani zilionyesha NFL, ligi ya Marekani. Mume wangu akamwomba mhudumu abadilishe moja tu, ile ya pembeni. Akajibiwa kwa upole kwamba haiwezekani, wateja wamekuja kutazama Marekani. Tulikula haraka tukarudi nyumbani.

Huo ndio ukubwa wa jirani. Mwaka 2025 kila timu ya NFL iliruhusiwa kutumia dola milioni 279.2 za Marekani kwa mishahara ya wachezaji. Timu ya hapa ilikuwa na takriban dola milioni 6 za Kanada. TSN, kituo kinachobeba mechi za Kanada, kinaonyesha pia NFL. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti uwanja wa habari ni wetu. Septemba ikiingia, jirani anafungua mlango wake na watu wanahama.

Ligi imewahi kujaribu kumfuata jirani nyumbani kwake. Kati ya 1993 na 1995 ilifungua timu Marekani: Sacramento, Las Vegas, Shreveport, Baltimore, kisha Birmingham, Memphis na San Antonio. Zilizokuwa kwenye miji inayopenda futiboli ya chuo zilipoteza watu mara tu vyuo vilipoanza msimu. Baltimore pekee ndiyo iliyoshamiri, ikajaza watu, na 1995 ikawa timu ya kwanza na ya mwisho ya Marekani kutwaa Grey Cup. Mwaka huohuo ikatangazwa kuwa Cleveland Browns wa NFL wanahamia Baltimore. Basi. Mabingwa wakafungasha virago wakaenda Montreal, na mradi mzima ukafa. Timu ilikuwa imefanya kila kitu sawasawa, na bado tangazo moja la jirani lilitosha kuiondoa mjini.

Ndiyo maana habari za Septemba 2025 zilinishtua. Kamishna Stewart Johnston, aliyekuwa mkuu wa TSN kabla ya kuchukua ligi mwaka huo, alitangaza kwamba kuanzia 2027 uwanja utapunguzwa kutoka yadi 110 hadi 100, maeneo ya mwisho ya kufungia kutoka yadi 20 hadi 15, na milingoti ya goli itahamishiwa nyuma kabisa. Naelewa hoja yake. Milingoti ikiwa mbele inawazuia wachezaji na kuwafanya makocha wapige teke la pointi tatu badala ya kutafuta tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho. Saa mpya ya sekunde 35 za kuanzisha mchezo unaofuata, inayoanza 2026, naiunga mkono, kwa kuwa itapunguza kusubirisubiri, na pia sawa kuondoa ile pointi ya bure iliyotolewa mpira ulipopigwa ukapitiliza nje bila mtu kuugusa. Majaribio matatu, wachezaji 12 na upana wa uwanja vimebaki. Lakini urefu wa yadi 100 ni urefu wa jirani. Nathan Rourke, kwotabeki (mrusha pasi mkuu) Mkanada wa BC Lions, aliupinga hadharani, na mimi niko upande wake. Mtu anayetaka uwanja wa yadi 100 tayari anao, kila Jumapili, wenye nyota wote wa dunia. Hatakuja kwetu kwa sababu tumeukata wetu ulingane na ule.

Nimekulia Mwanza, na jambo hili nimeliona kwa macho. Nilipokuwa msichana, vibanda umiza vya mtaani kwetu vilijaa Jumamosi kwa ajili ya Arsenal na Manchester United, na mtu aliyezungumzia ligi ya nyumbani alionekana mshamba. Ligi yetu haikupanda kwa kuiga Uingereza. Kilichoipandisha ni kuonekana. Azam TV waliweka kamera viwanjani, wachambuzi wakaongea lugha yetu, redio zikabishana asubuhi hadi jioni kuhusu Simba na Yanga, na 2021 mkataba ukasainiwa wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Watu hawakuacha kutazama Uingereza. Waliongeza cha kwao. Na Kenya waliona upande wa pili wa shilingi hiyohiyo pale SuperSport walipoondoka 2017 na klabu zikabaki zinahangaika kulipa mishahara.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa ligi ni kutafuta watu ambao jirani bado hajawafikia, na watu hao wako mtaani kwangu. Sisi wageni hatujakua na NFL. Hatuna mazoea ya kuvunja. Tunafika Kanada tukiwa na kiu ya kuwa wa mahali fulani, na watoto wetu wanahitaji kitu cha kuzungumza na wenzao shuleni Jumatatu. Mchezo wa magongo ya barafu umeliona hilo mapema: kipindi cha televisheni cha Hockey Night in Canada kilianza kutangazwa kwa Kipunjabi 2008 na kimewaingiza mabibi na mababu ambao hawajawahi kuvaa viatu vya barafu. Kwa nini futiboli isitangazwe kwa Kitagalogi hapa Winnipeg, penye Wafilipino wengi hivi? Kwa nini kusiwe na mechi moja ya Juni ambayo mtangazaji wa uwanjani anaeleza kila jaribio, na makanisa, misikiti na vyama vya jamii vinapewa jukwaa zima kwa bei ya kundi? Juni hakuna NFL. Viti vipo. Mtoto akishapata jezi moja, Septemba hatabadilisha skrini.

Na hadithi ya kuwaambia ipo, wala hawana haja ya kuitunga. Henoc Muamba alizaliwa Kinshasa, akaja Kanada mtoto. Mwaka 2011 Blue Bombers hawahawa walimchagua wa kwanza kabisa katika mchujo wa vijana, pale timu zinapogawana wachezaji wapya. Miaka 11 baadaye, kwenye Grey Cup ya 2022 pale Regina, alikuwa amevaa jezi ya Toronto Argonauts dhidi ya Winnipeg. Robo ya mwisho ikiwa inayoyoma akanasa pasi ya Zach Collaros, kwotabeki wa Winnipeg, Toronto wakashinda 24 kwa 23, naye akatajwa mchezaji bora wa fainali na pia Mkanada bora wa fainali, tuzo zote mbili usiku mmoja. Kama shabiki wa Winnipeg ninaugulia. Kama mama wa mtoto mweusi aliyezaliwa Mwanza na anayekulia hapa, nimemwonyesha mwanangu ule mnaso zaidi ya mara moja. Picha ya Muamba ingepaswa kuwa ukutani kwenye kila kituo cha kupokea wakimbizi na wahamiaji nchi hii.

Tangu 2019 ligi ina pia mchujo wa wachezaji kutoka nje ya Kanada na Marekani, na wapiga mateke wa Australia wameutumia vizuri. Waangalie na raga ya Nairobi. Daniel Adongo alitoka huko akasajiliwa na Indianapolis Colts wa NFL 2013, na njia ndefu namna ile si lazima ipitie Marekani. Mkenya mmoja tu akivaa jezi ya Edmonton au Calgary, simu zote za Afrika Mashariki zitaitafuta mechi hiyo.

Wakiitafuta, wataipata. Walio nje ya Kanada wanaweza kutazama mechi nyingi kwenye CFL+, huduma ya mtandaoni ya ligi, bila malipo. Mdogo wangu aliye Mwanza hutazama kwa simu. Mechi ya hapa ya saa moja na nusu jioni kwake ni saa tisa na nusu usiku, kwa hiyo anachagua zile za mchana wa Jumamosi ambazo kwake huanguka kama saa tano usiku. Anasema picha ni safi. Anachokosa ni mtu wa kumweleza, na mtangazaji mmoja wa Kiswahili kwenye huduma hiyo, hata kwa mechi za Banjo Bowl na Grey Cup peke yake, angegharimu kidogo sana.

Kwa mnaotaka kuanza: msianze na Banjo Bowl, viti ni ghali na kelele zitamchanganya mtoto. Chukueni mechi ya Juni au Julai. Kaeni juu, karibu na kona, mtauona uwanja wote na jinsi wapokeaji wanavyoanza mbio zao. Chini kabisa utaona migongo tu. Timu ya NFL iliyo karibu nasi ni Vikings wa Minneapolis, zaidi ya kilomita 700 na mpaka wa nchi katikati, visa juu yake. Hapa mnapanda basi. Bebeni koti hata kama mchana ulikuwa wa joto. Sisi hufika mapema, mtoto apate kuwaona wachezaji wakipasha misuli, na mwenye swali kuhusu tiketi za kundi aniulize, tayari nimeanza kuandika majina ya watu wa kanisani kwa ajili ya mwezi wa sita.