TAHADHARI: Barua ya "tumebadilisha akaunti ya benki", na kimya kilichotuponza ofisini

Ndugu zangu mnaofanya kazi maofisini, hasa uhasibu na manunuzi, kuna wizi wa baruapepe na sisi umetupata. Naueleza ulivyokuwa ili mwingine usimkute.

Ofisi yetu iko Dar es Salaam, tunaagiza vipuri kutoka China. Alhamisi moja mchana mdogo wetu wa uhasibu alipata barua inayosema sanduku lake la baruapepe limejaa, abonyeze linki na kuandika nywila ili barua zisipotee. Akaandika. Ukurasa ukazungukazunguka, ukarudi palepale. Moyo ukamwambia hapa pana kitu, lakini akanyamaza. Mwezi mmoja nyuma mwenzake alikuwa ameingiza virusi kwa flashi, akasemwa kwenye kikao mbele ya watu wote mpaka machozi yakamtoka. Nani angetaka kuwa wa pili?

Jioni akabadilisha nywila mwenyewe, akaamini yamekwisha. Hapa naomba msome taratibu, maana hata mimi sikulijua hili. Wezi walikuwa wameshaingia na kutega ndani ya mipangilio ya baruapepe yake: kila barua yenye neno la malipo au ankara, nakala iende kwao. Mtego wa namna hiyo hauondoki kwa kubadilisha nywila. Mtu wa TEHAMA angeuona kwa dakika chache, kama angeambiwa.

Wakakaa wanatusoma. Wiki iliyofuata muuzaji wetu alituma proforma (ankara ya awali), na haikupita saa mbili ikaja barua nyingine, namba ya oda ileile, saini ileile, hata salamu zake za kawaida: akaunti yetu inakaguliwa, safari hii lipeni kwenye hii. Anwani ilitofautiana kidogo tu. Penye herufi m waliweka r na n zikiwa zimebanana, na kwa jicho la haraka huoni. Mimi ndiye niliyeidhinisha. Dola 14,200 zikaenda.

Tuligundua siku ya tisa, muuzaji alipopiga simu kuuliza mbona kimya. Benki yetu iliandikia benki iliyopokea, jibu likaja kwamba akaunti ile haina kitu. Ofisa wa benki alituambia wazi: mngekuja siku ileile, tungeomba fedha izuiwe kabla haijatolewa. Yule binti wa uhasibu alipotueleza habari ya Alhamisi ile alikuwa anatetemeka. Sikuweza kumlaumu, na mpaka leo siwezi.

Haya hayawakuti wadogo peke yao. Februari 2016, Benki Kuu ya Bangladesh, printa inayochapa taarifa za miamala ilikwama siku ya Ijumaa. Wafanyakazi wakaona ni ubovu wa kawaida wa printa. Kumbe wezi walikuwa tayari ndani, wameshatuma maombi ya karibu dola bilioni 1 kwenye akaunti ya benki hiyo kule New York. Dola milioni 81 ziliishia Ufilipino. Lakini milioni 20 zilizokuwa zinaelekea Sri Lanka ziliokoka, kwa sababu mtu mmoja kwenye benki ya njiani aliona neno limekosewa herufi, akauliza. Kuuliza tu.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tumeshazoea kuuripoti kwa namba ya utapeli wa simu, 15040, bila aibu yoyote. Wa ofisini ndio tunauficha, kwa sababu tunaogopa wakubwa wetu. Kwa hiyo mabosi, nawaomba kwa dhati: anayekuja kusema "nimebonyeza kitu kibaya" mshukuruni kwanza mbele ya wenzake. Mkimfokea huyo, wa kesho hatakuja.

Nawe uliyebonyeza, usisubiri kuwa na uhakika. Nenda kwa miguu au piga simu. Usiripoti kwa baruapepe, maana huenda wanaisoma. Barua yenyewe usiifute, itahitajika. Waambie TEHAMA watoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti yako na wakague kama kuna barua zinazohamishwa kwenda nje. Kama fedha imeshatoka, benki ipigiwe dakika hiyohiyo, polisi wafuate. Na akaunti mpya ya muuzaji yeyote isilipwe mpaka mmempigia kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani. Namba iliyo ndani ya barua hiyo yaweza kuwa ya mwizi.

Kama wiki hii umeandika nywila yako kwenye ukurasa wa "sanduku limejaa" na hujamwambia mtu, mpigie mtu wenu wa TEHAMA sasa hivi, hata kama ni usiku.