Elementi ya kununua kwa mtambo mdogo wa kukenekea majani ya mkarafuu

Wengi wanaokeneka nyumbani, yaani wanaochemsha majani na kuukusanya mvuke wapate mafuta, Unguja na Pemba, wamechoka na kuni. Majani ya mkarafuu, mchaichai, langilangi, yote yanataka moto wa saa nyingi usiopanda wala kushuka, na elementi ya umeme inauweza huo moto. Tatizo ni kuwa mtu akifika dukani, Darajani au Chake Chake, huuliza wati ngapi na bei gani, akalipa, akaenda zake. Mimi nasema pesa ya mwanzo iende kwenye RCD ya miliampia 30, swichi inayokata umeme ukivuja, na kwenye ethi iliyopimwa, yaani waya wa kuupeleka ardhini umeme uliovuja. Kitakachobaki ndicho cha elementi.

Fikiria kazi yenyewe ilivyo: pipa la chuma limejaa maji, sakafu imerowa, mtu yuko miguu mitupu. Ganda la elementi likipasuka, umeme unaingia kwenye maji na kwenye pipa zima. Fyuzi ya ampia 13 iliyomo kwenye plagi haitakusaidia, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya usiungue, na mkondo unaoua mtu haufiki hata nusu ya ampia moja. RCD hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ikiona kiasi hicho kidogo kimepotelea njiani, hukata kabla nusu sekunde haijapita. Ina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila siku ya kukeneka, kabla hujawasha.

Ethi nayo isiwe ya kuambiwa tu kwamba ipo. Kwenye ardhi ya maweni, kama Makunduchi na Paje, fimbo ya ethi huishia juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Fundi aje na mita ya kupimia ethi, akuoneshe namba. Na pipa lenyewe lifungwe waya wa ethi kwa boliti, chuma kwa chuma, rangi ikwanguliwe kwanza.

Sasa elementi. Nafasi ya kwanza naipa ile ya chuma kisichoshika kutu, ya kufunga kwa nati kwenye ubavu wa pipa, wati 2000. Kwa umeme wetu wa volti 230 inavuta karibu ampia 9, mzigo ambao soketi nzuri ya ampia 13 inaubeba saa nyingi bila kuchemka. Lita 20 za maji zinachukua kama dakika 50 kufika kwenye mchemko, uniti 1.7 hivi, na baada ya hapo inakula uniti 2 kwa saa. Jioni umeme ukishuka hadi volti 200 itatoa wati 1500 tu. Kazi itachelewa, lakini elementi haidhuriki. Muuzaji atakusifia ya wati 3000. Hiyo inavuta ampia 13 kamili, na plagi ikibeba hivyo saa nyingi inaweza kuanza kuyeyuka taratibu. Ukiitaka lazima iwe na laini yake kutoka kwenye mein switch, waya wa milimita mraba 2.5 na breka yake, kazi ya fundi mwenye leseni.

Ipime hapo hapo dukani. Mita ya kupimia omu ikiwekwa kwenye ncha mbili za elementi ya wati 2000 isome karibu omu 26. Kisha ncha moja kwenye pini, nyengine kwenye ganda: isisome kitu. Ikisoma, irudishe kaunta.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalijui kwa sababu hawauzii wakenekaji. Mafuta ya karafuu hulainisha plastiki na mipira mingi. Washa ya mpira inayokuja na elementi italegea, maji yatapenya, na yatadondokea pale pale zilipo nyaya. Nunua washa ya tefloni. Sehemu ya nyaya ifunikwe kwa kiboksi, na pipa liwe na wavu wa kuyashikilia majani juu ya maji, maana jani likigandia kwenye elementi huungua na mafuta yote yananuka moshi. Maji yetu mengi yana chokaa. Ukoko mweupe ukiwa mnene elementi hujiunguza yenyewe. Tumia maji ya mvua ukiyapata, la sivyo isugue kwa siki.

Ya pili ni jiko la umeme la sahani ya chuma, wati 1500 au 2000, mtambo unakaa juu yake. Linapoteza joto na linataka kitako bapa, lakini hakuna cha kutoboa wala kuunga. Kwa asiye na fundi wa kumwamini, hili ndilo la kwanza. Jiko la induksheni sikushauri: halikipashi moto chombo cha shaba, na umeme ukirudi kwa kishindo vifaa vyake vya ndani ndivyo vinavyokufa.

Ya tatu ni elementi ya hita ya bafuni. Inapatikana kirahisi, ila themostati yake hukata maji yakifika nyuzi 75 hivi, hayachemki. Mafundi huiruka hiyo themostati, na hapo umeondoa kinga ya pekee ya siku maji yatakapokwisha.

Ile koili ya kuning'iniza ndani ya ndoo usiinunue kwa kazi hii hata ukipewa nusu bei. Nyingi zina pini mbili, hazina ethi, na waya wake lazima upite kwenye mfuniko, ndani ya mvuke.

Waya wa kuungia, kwangua ncha kwa kisu. Ndani pakiwa peupe ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Itachemka kwenye maungio. Usitumie ekstensheni iliyobaki imezungushwa kwenye roli yake. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, chomoa plagi kabla hujaondoka pale, kwa sababu umeme ukirudi elementi itawaka yenyewe, maji yawepo au yasiwepo.